Mbwa Aliyeitwa Hayakuhusu

Katika maisha yake yote Pantaleo wa Idete alimpiga mbwa siku moja tu. Hilo walikiri hata wasiompenda, na wasiompenda walikuwa wengi.

Wenzake bondeni walifundisha mbwa kwa fimbo na njaa. Walimfunga mtoto wa mbwa kwenye mti siku mbili bila chakula, wakamsugua pilipili puani, wakachoma kiota cha nyigu na kumlisha majivu yake ili awe mkali. Kisha wakashangaa mbona mbwa huyo akiwaona wao anajikunyata, na akimwona nguruwe mwitu anakimbilia nyumbani. Pantaleo aliwacheka. "Mnafundisha woga," aliwaambia, "halafu mnadai ushujaa."

Yeye alianza na mate. Mtoto wa mbwa akishaacha kunyonya, Pantaleo alimpakata, akamfungua kinywa kwa vidole viwili, akamtemea mate ulimini. Ndivyo walivyofanya wazee: mate yanafunga. Mbwa aliyeonja mate ya mtu ni wa mtu huyo mpaka kufa, hata umpeleke ng'ambo ya mto Kilombero atarudi akiogelea. Baada ya hapo alimtafunia ugali na kambale, akamlisha kiganjani mara nne kwa siku, na akitoka kwenda shamba alimfunga mgongoni kwa shuka. Askari mzima wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyepigana na Wajapani huko Bama, anapita njiani na mbwa mgongoni kama yaya! Watu walicheka, ila walicheka akishapita.

Neno lake kubwa katika kazi hiyo lilikuwa moja: basi. Kumfundisha mbwa kukamata ni kazi ya siku tatu, alisema, maana mbwa amezaliwa na meno. Kumfundisha kuachia ni kazi ya mwaka. Asiyeachia huwaponza wote, kwa sababu nguruwe akishikwa hugeuka, na mwenye mkuki hawezi kuchoma bila kumchoma mbwa. Kwa hiyo Pantaleo alimpa mtoto wa mbwa mfupa, akamwacha autafune, kisha akaketi mbele yake na kipande cha samaki mkononi. "Basi," alisema, mara moja, kwa sauti ya chini. Hakuuvuta mfupa. Hakupaza sauti, wala hakurudia. Alikaa tu. Kivuli cha nyumba kilihama kutoka upande huu hadi upande ule naye yuko palepale, inzi wanamtembea usoni. Mbwa akichoka na kuuachia mfupa ili anuse samaki, alipewa samaki, na mfupa akarudishiwa. Kesho yake tena, keshokutwa tena, mpaka ikawa neno likisemwa meno yanafunguka yenyewe, hata kama kilichomo ni nyama yenye damu ya moto.

Subira ile yote aliimaliza kwa mbwa. Nyumbani hakubakiza hata chembe.

Mkewe Kandida alikuwa mtu wa kijiji cha Mbingu, mrefu, mwenye mikono ya jembe na maneno machache. Pantaleo alimpiga kwa chumvi kuzidi, kwa maji kuchelewa, kwa kumtazama na kwa kutomtazama. Mwaka wa hamsini na moja alimvunja jino la mbele mchana kweupe, kwa sababu ya sufuria. Wapo waliosema hasira hizo alizitoa Bama. Mama yake mzazi alisema alizaliwa nazo. Lakini hasira gani ya Bama inayochagua? Mbona haikumpiga jumbe hata siku moja? Mbona haikumpiga mbwa?

Na Kandida alipopigwa hakupiga mayowe. Alikuwa na neno moja tu. "Basi, Baba Eufrasia. Basi." Binti yao Eufrasia alikuwa bweni kwa masista Ifakara, hakuyaona hayo. Majirani waliyasikia kupitia ukuta wa udongo, wakaendelea kula.

Aliyeacha kula alikuwa mmoja, Mzee Hermenegildi wa nyumba ya pili. Siku moja, baada tu ya Pasaka ya mwaka wa hamsini na tatu, aliingia uani bila kubisha hodi, akamkuta Pantaleo amemkaba mkewe ukutani.

"Pantaleo, utamwua mtoto wa watu," alisema.

Pantaleo alimwachia Kandida. Hakumwamkia mzee, ambaye tangu utotoni alizoea kumwambia shikamoo. Aliokota kigoda akampiga nacho usoni. Nyusi ya mzee ilipasuka, damu ikashuka ikaingia kwenye ndevu nyeupe, naye akatoka kinyumenyume, mkono mmoja usoni na mwingine ukipapasa njia. Kijiji kizima kilimwona akivuka na damu ile. Kila mtu aliona haya, na hakuna aliyefanya kitu.

Wiki hiyohiyo jike lake la kuwindia, Wivu, lilizaa. Kule bondeni mbwa hupewa jina la kumfikia jirani: usilotaka kumwambia mtu usoni, unamwita mbwa wako kwa nguvu, naye atasikia. Pantaleo alichagua dume mmoja mwekundu mwenye kifua kipana, akasimama uani akielekea nyumba ya Mzee Hermenegildi, na kwa sauti ya kwata akaita:

"Hayakuhusu! We Hayakuhusu! Njoo!"

Mtoto wa mbwa mwenyewe alikuwa hajafungua macho. Lakini ujumbe ulifika, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyeingia tena uani kwa Pantaleo bila kuitwa.

Kandida ndiye aliyeosha kigoda. Alipomaliza alikiweka juani, akamgeukia mumewe, alama za vidole zingali shingoni.

"Baba Eufrasia, nisikilize, maana sitasema mara mbili. Ukininyanyulia mkono tena, nakwenda kwa kaka zangu Mbingu. Na sirudi, hata padri aje kunichukua kwa baiskeli."

Alisema hivyo akaenda kuchambua mchele. Pantaleo alijua si tishio. Kandida hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa amekaa miaka saba tangu vita bila kutishia chochote. Na Pantaleo aliogopa. Hakumwambia mtu yeyote, lakini aliogopa mno, kwa sababu tangu arudi vitani hakuweza kupata usingizi mpaka asikie pumzi za mwanamke yule upande wa pili wa kitanda. Akajiapia mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu kwamba mkono ule hautainuka tena. Ndivyo ulivyoanza mwaka wake mgumu kuliko wa Bama: kila siku kuutazama mkono wake mwenyewe kama mbwa wa mtu mwingine.

Hayakuhusu akaacha kunyonya, akatemewa mate, akaanza kubebwa mgongoni. Hazikupita wiki mbili, nguruwe wakaingia.

Ilikuwa mwezi wa sita, mpunga umeiva, na kundi lilikuwa limelala ndani ya matete kando ya mto. Wanaume sita walikwenda na mikuki na mbwa wanne, Wivu mbele. Walisikia njuga za mbwa zikilia ndani ya matete, kisha zikanyamaza, kisha dume moja jeusi likatoka kama gogo lililosukumwa na mafuriko. Wivu alikuwa amelishika mguu wa nyuma. Dume liligeuka mara moja tu, likamchana tumbo kutoka kifuani hadi mkiani. Wivu hakuachia. Aliburutwa, matumbo yake yakishika kwenye visiki vya matete, mpaka Pantaleo alipopiga kelele "Basi!" na jike lile likafungua meno, likatambaa hatua tatu kumfuata, likafa likimtazama.

Pantaleo akapofuka kwa hasira. Alilikimbilia dume lile bila kungoja wenzake. Chonge lilimwingia juu ya goti likapanda hadi kwenye nyonga, akaona mfupa wake mwenyewe, mweupe, kabla damu haijaufunika. Akachoma shingo, mkuki ukavunjika. Wakaanguka pamoja kwenye tope, mtu na nguruwe, yeye akilisukuma jicho la mnyama kwa kidole gumba na mnyama akimtafuna kiganja, mpaka wenzake walipofika na kulichoma, na kulichoma, na kuendelea kulichoma hata baada ya kufa, kwa hofu.

Walimbeba kwa machela siku nzima hadi hospitali ya misheni Ifakara. Alikaa wiki kumi. Alitoka na kidole kimoja pungufu na mguu usiokunjika vizuri.

Wiki hizo kumi Kandida alibaki peke yake na mpunga ambao haujavunwa. Alihamia kwenye dungu la kulindia mpunga shambani, na mtoto wa mbwa akahamia naye. Nani mwingine angemlisha? Alimtafunia ugali. Alilala naye miguuni. Miaka saba alikuwa amemtazama mumewe akifundisha mbwa, akayajua yote bila kufundishwa. Mwanamke anayetwanga uani huona mengi. Akampa mfupa, akaketi mbele yake na kipande cha samaki. "Basi," akamwambia, kwa sauti ya chini, mara moja. Kwa kukaa kimya na kungoja hakuna aliyemshinda Kandida.

Pantaleo aliporudi na fimbo yake, alimkuta mbwa mrefu mwenye miguu mikubwa, anayeachia mfupa kwa neno moja akiwa na miezi minne tu. Hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Kandida. "Na mate nilimtemea. Alikuwa analia usiku."

Pantaleo alicheka mpaka mshono wa paja ukauma. "Mate ya mwanamke hayafungi mbwa, Mama Eufrasia! Ingekuwa hivyo, mbwa wote wa Idete wangekuwa wanakaa jikoni." Wanaume wenzake walipoisikia hadithi hiyo walicheka vilevile, kwa sababu ndivyo walivyoamini wote, kutoka Ifakara hadi milimani. Mate yanayofunga ni ya mwanamume.  Kandida alimtupia mbwa ukoko wa ugali akaendelea na kazi.

Msimu uliofuata Hayakuhusu alikuwa mbwa kamili, na bonde zima lilimjua. Aliua nyani wakubwa kwenye mahindi kwa kuwavunja shingo. Alimfukuza fisi kwenye zizi la mbuzi la jumbe na kurudi na nusu ya sikio lake. Lakini lililowafunga watu midomo ni siku ya dume la Mto Kihansi, nguruwe aliyekuwa ameua mbwa watano na kumpasua mtu mmoja tumbo. Hayakuhusu alimshika sikio na kuning'inia nalo, akirushwa huku na huku, akipigwa kwenye mti, damu inamtoka puani, na hakuna mkuki uliothubutu kurushwa. Pantaleo alisogea akichechemea hadi hatua nne. "Basi," alisema. Hakupaza sauti. Mbwa alifungua meno na kuruka kando saa ileile, na mkuki wa Pantaleo ukapita katikati ya mbavu ukatokea upande wa pili. Nguruwe alipiga mateke, akatapika damu kwenye viatu vya watu, akalala. Wawindaji walimtazama mbwa, ambaye alikuwa ameketi akitetemeka, akijiramba mguu.

"Huyo si mbwa," alisema mmoja. "Huyo amesoma kuliko sisi."

Pantaleo alimbusu mbwa kwenye paji la uso, mbele za watu, akalia. Mkewe hakupata kubusiwa hivyo. Lakini tuseme na haki yake: tangu siku ya kigoda mkono wake ulikuwa haujainuka. Mwaka mmoja na miezi minne. Zilikuwapo siku alizotoka nje na kuupiga ukuta mpaka vifundo vikachubuka, na Kandida akaviona vifundo hivyo, akavipaka mafuta ya ufuta. Alianza hata kuimba akitwanga. Ni nani asiyeona kwamba mtu huyu angeweza?

Mwezi wa nane, mpunga ukishaingia ghalani, wanaume wa Idete hunywa. Mchana mmoja walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ghala la jumbe, mtungi katikati, na Apolinari akiwa na zamu ya kusema. Apolinari huyo alikuwa mtu wa mzaha, hakuwa na ubaya, ila ulimi wake haukuwa na mlango.

"Mbwa wako hana mfano, Pantaleo," alisema. "Kuna jambo dogo tu. Juzi nilikuona unamwita, na kabla hajaja akamtazama kwanza Mama Eufrasia. Akapata ruhusa ndipo akaja. Sasa mimi ninajiuliza: nyumba ile, anayeitika ni mbwa peke yake?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Pantaleo naye alicheka, meno yote nje. Aliinuka, akasema anakwenda kujisaidia, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Kandida alikuwa uani anatwanga mpunga. Hayakuhusu alikuwa amelala kando ya kinu, makapi yamemjaa mgongoni. Pantaleo alisimama mlangoni mwa ua.

"Hayakuhusu," aliita.

Mbwa aliinuka. Akageuza kichwa, akamtazama Kandida. Ilikuwa ni kutazama tu, kitambo cha kupepesa jicho. Na Kandida, pasipo kujua kitu, pasipo hata kusimamisha mchi, akainua kidevu kidogo: nenda. Ndipo mbwa akaja akitikisa mkia.

Kidevu kile ndicho kilichomwingia Pantaleo. Akasikia kicheko cha ghala zima ndani ya masikio yake. Akampita mbwa, akamnyang'anya Kandida mchi mikononi, akaupandisha juu.

Kandida aliinua mkono kujikinga, na mchi ukaukuta mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaangukia kinu, mpunga ukamwagika, akageuka chali, na pigo la pili likampata begani. La tatu likakosa likachimba ardhi. Alikuwa akimpiga kama mtu anayepiga nyoka, bila mpango, akihema, na katikati ya hayo alimsikia akisema lile neno lake. Hakulisema kwa nguvu.

"Basi, Baba Eufrasia."

Kwa pembe ya jicho Pantaleo aliona mbwa amesimama, masikio yamesimama, anamtazama yeye. Anangoja. Pantaleo alikuja kusema baadaye kwamba alielewa palepale mbwa anangoja nini, na bado aliupandisha mchi.

"Basi."

Hayakuhusu hakubweka. Aliruka na kuushika mkono wa kulia chini ya kiwiko, na uzito wake wote ukashuka nao. Mchi ulianguka. Pantaleo alihisi meno yakipita kwenye nyama na kugusana ndani. Akapiga kwa mkono wa kushoto, ngumi, kichwani, puani, kwenye jicho, ndiyo hiyo siku moja aliyompiga mbwa, na alimpiga kwa nguvu zake zote. Mbwa alifumba jicho lililopigwa na kuendelea kushika. Hakuunguruma wala hakutikisa kichwa. Alishika tu, kama alivyomshika nguruwe, akingoja. Damu ilimwagika juu ya mpunga. Pantaleo alianguka kwa magoti, akapiga kelele iliyofika ghalani kwa jumbe:

"Basi!"

Meno yalifunguka saa ileile. Mbwa alirudi nyuma hatua mbili akaketi. Alijiramba pua iliyopasuka, akamtazama bwana wake bila chuki yoyote.

Pantaleo alibaki amepiga magoti. Kelele zote zilikuwa zimekwisha na kuku walikuwa wameanza kuula mpunga uliomwagika. Alimsikia Kandida akipumua pembeni yake, pumzi fupi fupi za mtu aliyevunjika.

Safari hii watu walikuja, maana aliyepiga kelele ni mwanamume. Walijaa uani: jumbe, Apolinari, wanywaji wote, Mzee Hermenegildi na mkewe Balbina. Wakaona mkono wa Pantaleo umechanika, mbwa ana damu hadi kifuani, na neno moja likazunguka: kichaa. Mwaka huo kichaa cha mbwa kilikuwa kimeonekana vijiji vya juu, na amri ilikuwa imeshuka kutoka bomani Mahenge kwamba mbwa anayemng'ata bwana wake apigwe risasi bila maswali. Dionisi, bwana nyama wa serikali, mwangalizi wa wanyama wa porini, alikuwa kwa jumbe siku hiyo kwa ajili ya viboko wa mtoni. Akaja na bunduki yake ikiwa tayari imejazwa.

"Ondokeni nyuma yake," alisema, akamlenga mbwa.

"Hana kichaa," alisema Pantaleo.

"Amekung'ata?"

"Amening'ata."

"Wewe uliyemlea?"

"Mimi niliyemlea."

"Mbwa mzima hamng'ati aliyemlea bila sababu. Niambie sababu, ama nifyatue. Sina mchana kutwa."

 Kandida alikuwa ameegemezwa kwenye kinu na Balbina, mkono wake umepinda mahali pasipopinda mkono, mchi uko chini mbele ya kila mtu. Sababu ilikuwa imelala pale na kila mtu aliiona, lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuiona. Walitazama miguu yao. Kandida alimtazama mumewe, basi tu, kwa macho makavu, kama vile alivyokuwa akimtazama mtoto wa mbwa na mfupa. Hakutaka kumsaidia kwa neno hata moja.

 Pantaleo alijua akinyamaza, risasi moja na mambo yamekwisha: mbwa alikuwa na kichaa, mke alianguka, heshima iko palepale. Dionisi aliweka kidole kwenye kifyatulio.

"Nilikuwa nampiga mke wangu," alisema Pantaleo. "Akaniambia basi. Sikuacha."

 Akamgeukia Dionisi, akaendelea.

"Mbwa amefundishwa neno hilo. Akisikia basi, anajua lazima mtu aachie. Aliona siachii. Aliningoja, Bwana Nyama. Nilimwona akiningoja. Niliposema mimi, aliachia mara moja. Yeye ndiye mwenye akili hapa. Ukitaka wa kupiga risasi, mbwa siye."

Hakuna aliyecheka, hata Apolinari. Dionisi alimgeukia Mzee Hermenegildi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa umri.

"Mzee, ni kweli haya? Ninyi majirani mlikuwa mnasikia?"

Mzee Hermenegildi aligusa kovu lake juu ya jicho. "Tulikuwa tunasikia," alisema. "Kila siku tuliambiwa hayatuhusu, kwa jina la mbwa huyohuyo, nasi tukakubali. Yeye peke yake hakukubali." Akaanza kulia, mzee wa watu, kwa aibu.

Dionisi aliomba maji kwenye kibuyu, maana mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Akamwekea mbwa, na mbwa akanywa yote. Akashusha bunduki, akamwambia jumbe mbwa akibadilika kabla ya siku kumi apelekewe habari, akaenda zake.

Usiku ule Kandida alilala kwa Balbina, mkono umefungwa kwa vipande vya mwanzi. Asubuhi alirudi na Balbina kuchukua nguo zake. Pantaleo alikuwa ameketi kizingitini na bandeji yake, hajalala.

"Jana nilisema ukweli," alimwambia. "Mbele ya watu wote."

"Nilisikia," alisema Kandida. "Ulisema vizuri. Mkono wangu bado umevunjika."

"Mama Eufrasia, mwaka mzima..."

"Niliuhesabu, Baba Eufrasia. Kila siku yake niliihesabu kuliko wewe. Nilishaanza kuamini."

 Pantaleo alitaka kumwambia habari ya pumzi, kwamba hawezi kulala, akaacha kwa sababu aliona ni kumwomba mtu aliyeumia amuuguze aliyemwumiza. Akasogea kizingitini ili Kandida apite kuchukua nguo. Balbina alijitwika furushi la nguo, na wanawake wawili wakashika barabara ya Mbingu, Kandida akitembea upande upande ili mkono usitikisike.

Hayakuhusu aliinuka kutoka majivuni. Aliwafuata hadi mwisho wa ua, akasimama. Alimtazama Kandida anavyokwenda. Akageuka akamtazama Pantaleo, jicho moja likiwa bado limevimba kwa ngumi, akasimama hivyo, mguu mmoja umeinuliwa, anangoja aambiwe.

Pantaleo alijua mbwa wake. Akimwita mara moja atakuja, hata kama ni kwa kutambaa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Na Kandida naye pengine angesimama njiani kwa ajili ya mbwa, na pengine mtu akisimama anaweza kugeuka. Jina lilikuwa limefika kwenye meno. Aliliuma. Machozi yalimshuka hadi shingoni, akashika kizingiti kwa mkono mzima na hakuita. Mbwa alingoja muda mrefu kuliko anavyopaswa mbwa kungoja. Kisha akashusha mguu, akakimbia akawafikia wanawake wawili kabla hawajaingia kwenye kona, na Pantaleo akabaki amekaa pale, mdomo umefungwa, mpaka jua lilipomfikia miguuni.